Njia ya Watu Wasio na Wakwe

Juzi walikuja kwangu vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa, wamebeba mkanda wa kupimia na mwamvuli mmoja waliokuwa wakiugombania. Walikuwa wanapima ule mteremko unaoshuka sokoni hapa Tukuyu, maana barabara inapanuliwa tena. Waliniuliza swali moja tu: mzee, zile nafasi zilizochimbwa kwenye ukingo, moja kila hatua thelathini, zilikuwa za nini? Mmoja alidhani ni makaburi ya zamani. Mwenzake alisema ni mahandaki ya vita. Nilicheka mpaka nikapaliwa, mke wangu akatoka jikoni kuja kuona kama bado ana mume.

Niliwajibu kwa kifupi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, lakini walipoondoka jibu lile halikunitosha. Basi nawaandikia refu, wao na ninyi wengine mliosomea barabara. Nafasi zile nilizichimba mimi na wenzangu. Ni kosa langu lililosahihishwa. Ukitaka kujua kazi ya mtu, usimwulize alichojenga tu, mwulize pia alichobomoa akajenga upya.

Nilikuwa mnyapara wa kikosi cha barabara kuanzia wakati bendera mpya haijafifia rangi hadi enzi za vijiji vya ujamaa. Tulikuwa watu kumi na wawili, matoroli matatu, sururu za kutosha, na greda iliyokuja kutoka Mbeya pale ilipojisikia. Kazi yetu kubwa ilikuwa kupambana na maji. Ninyi mna mashine, lakini maji ni yaleyale, na mvua ya Rungwe mnaijua. Barabara isiyo na mgongo mzuri na mifereji safi, hapa kwetu haimalizi masika moja.

Mteremko ule ndio ulionikosesha raha. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Malori ya chai yalipita hapo, wanafunzi walipita hapo, akina mama wa Kawetele walipita na mizigo kichwani, na wauza ndizi wa Masukulu waliteremka na baiskeli zenye mikungu minne kila moja, wote kwenye ukanda uleule wa moramu, udongo mwekundu wa changarawe, na matope. Breki za baiskeli nyingi zilikuwa kisigino cha mwenyewe kilichokandamizwa kwenye tairi. Wengine walifunga gogo kwa kamba nyuma likaburuzwa ili lipunguze mwendo. Gogo likikatika kamba, baiskeli ilienda na mwendo wake na gogo likaenda na lake, na aliyekuwa chini achague akimbie lipi. Mwaka mmoja mama wa Nkunga alivunjwa mguu na baiskeli, na hakupona sawasawa. Nikimwona akichechemea sokoni nilikuwa nabadili njia kwa aibu, ingawa hakuna aliyenilaumu.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa tuta. Nikaweka tuta la moramu katikati ya mteremko, refu kama kaburi la chifu, nikasimama kando kujipongeza. Wauza ndizi walilitazama siku moja tu. Siku ya pili wakawa wanalizunguka kwa pembeni, palepale watembea kwa miguu walipokuwa wakipita. Nilikuwa nimewatoa wenye baiskeli katikati ya barabara na kuwapeleka juu ya watu. Tuta nikalisawazisha mwenyewe kwa sepetu, huku wauza ndizi wakinipa pole za kejeli.

Aliyenisaidia upande wa baiskeli ni fundi Salumu, aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti. Alikata mpira wa tairi kuukuu la gari akatengeneza vipande vya breki, na kila mwenye baiskeli aliyekuja kuzibwa pancha hakuondoka mpaka breki zikaguliwe. Ndiye aliyewafundisha jambo ambalo hata leo watu hawalijui: rimu ikilowa, breki haishiki. Kwa hiyo kabla hujafika mteremkoni, bana breki kidogo kidogo mara tatu au nne zifute maji, ndipo ushuke. Akiwaona wamesahau aliwafokea kutoka kibandani, na sauti ya Salumu ilikuwa inafika mbali kuliko honi ya lori.

Lakini breki hazikutosha. Nilitaka njia ya miguu peke yake, na hapo ndipo anapoingia mwalimu wangu, Mzee Gwakisa. Jina hilo la kwetu alipewa na majirani kwa kumpenda. Yeye alikuwa Mngoni wa Songea, ameanza kazi ya barabara tangu wakati wa wakoloni, na alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Alikuwa na tabia moja: hachimbi mpaka asome nyayo. Asubuhi ya siku ya gulio alilainisha matope ya kando ya barabara kwa ubao, akaenda kunywa chai, kisha akarudi saa sita kuyasoma kama gazeti. Unyayo wenye kisigino kilichozama, huyo ana mzigo kichwani. Unyayo uliochota matope mbele, huyo anakimbia. Viatu vya matairi, huyo katoka mbali. Alikuwa anakuonyesha mahali watu wanapoogopa, kwa sababu hapo hatua zinakuwa fupi.

Baada ya kusoma alisema njia ipite upande wa mlima, ndani ya ukingo. Nami nikaongeza ya kwangu: uzio wa mianzi kati ya njia na barabara, ili baiskeli isiingie. Ukingo mkono mmoja, mianzi mkono wa pili, upana wa kutosha mtu na mzigo wake. Niliuona mchoro ule mzuri kuliko nyumba yangu.

Hizo zilikuwa siku za kujitegemea, kwa hiyo Bwana Maendeleo, ofisa wa serikali, aliitisha mkutano. Alikuwa kijana mchangamfu aliyetoka pwani, mwenye filimbi shingoni. Wazee walikaa mbele kwenye mabenchi, akina mama walikaa nyuma kwenye majani, vichwa chini. Akauliza kama kuna mwenye neno kuhusu njia. Wazee wakasema ni jambo jema. Akauliza, na akina mama je? Kimya. Akaandika kwamba akina mama wameafiki. Wiki iliyofuata hao akina mama ndio waliobeba mawe mengi zaidi, na mianzi tuliishusha kutoka mlimani kwa mabega yetu. Kwa siku kumi na moja njia ikawa tayari, na Bwana Maendeleo akapuliza filimbi kuifungua.

Wanaume waliipita wakifurahi. Baba yangu mzazi, ambaye si mtu wa kusifu, aliipita mara mbili kwa siku bila sababu, na buti zake za mpira na fimbo yake, akiwaambia watu wa rika lake kwamba kaijenga mwanawe. Akina mama wakaendelea kutembea barabarani, katikati ya baiskeli na malori, kama vile njia haipo.

Gwakisa alinishika mkono akanipeleka kuitazama ardhi. Ndani ya njia zilikuwa nyayo kubwa, buti na viatu vya matairi. Barabarani zilikuwa nyayo ndogo, visigino vimezama. Nikamwambia nimeona, wanawake ni wabishi.

"Nyayo zinakuambia ni nani," alisema Gwakisa. "Hazikuambii kwa nini. Kwa nini muulize mwenye miguu."

Sikuuliza. Ningekuwa na akili wakati ule nisingekuwa na la kuwasimulia leo. Nilikuwa na hasira za mtu aliyepika chakula kikasuswa. Bwana Maendeleo naye akatangaza kwamba mama atakayeonekana barabarani ataponda kokoto siku nzima, nami sikumzuia. Nyumbani nikamwambia mke wangu, Subilaga, kwamba mke wa mnyapara lazima awe mfano, kesho apite njiani. Alikuwa ananyonyesha mtoto wetu wa kwanza. Aliniuliza kama kweli nataka apite humo. Nikasema ndiyo. Akasema amesikia.

Sasa ninyi vijana, hasa mliozaliwa mijini, lazima niwaeleze jambo ambalo kila mtu pale alilijua, nami nikiwemo. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana hakukutana na baba mkwe wake. Hakumtazama usoni, hakusema naye, hakupishana naye njiani. Akimwona kwa mbali aliingia kwenye migomba, akageuka, akangoja apite. Ilikuwa heshima kubwa, si chuki, na baba mkwe naye alijua kuyaficha macho. Tena baba mkwe hakuwa mmoja. Ndugu zake wote walihesabika, na watu wa rika lake pia. Mwanamke aliyeolewa karibu na mji alikuwa na wakwe kumi na watano wanaokwenda sokoni.

Mtaniuliza, kwani wewe si Mnyakyusa, ulisahauje? Sikusahau. Sisi wanaume tulizoea kuikuta njia tupu tunapopita, wala hatukujiuliza nani kaiacha. Aliyekuwa anaruka majani na kulowa ni mwanamke. Mimi nilijua mila kwa masikio, yeye aliijua kwa miguu.

Siku ile ilikuwa ya gulio, manyunyu na ukungu. Nilikuwa chini ya mteremko nazibua kalvati. Baba akanipita, akanisalimu, akaingia kwenye njia kupanda. Nilifurahi kumwona, wala halikunijia lolote. Kule juu Subilaga alikuwa ameingia kushuka, kikapu cha maharage kichwani na mtoto mgongoni. Njia ina kona katikati. Walipoonana walikuwa wameachana hatua kama kumi.

Nyuma hawezi kukimbia na mzigo juu ya matope. Mkono mmoja ukingo mrefu kuliko yeye, mkono wa pili mianzi yangu niliyoifunga kwa kamba mbilimbili ili iwe imara. Nilisikia mianzi inavunjika. Alikuwa ameipasua kwa bega akatokea barabarani, na muuza ndizi wa Masukulu alikuwa anateremka na mikungu minne.

Namshukuru Mungu na fundi Salumu, kwa sababu baiskeli ile ilikuwa na breki mpya na mwenyewe alikuwa ameshazifuta maji. Alibana, akaserereka, akachagua mfereji wa upande wa bonde. Ndizi zikatapakaa barabara nzima. Mimi nilikuwa napanda mbio, roho mkononi, sioni kitu kwa ukungu, na nilichosikia ni sauti ya baba.

"Jamani, yuko hai?" aliita kwa Kinyakyusa. "Na mtoto?"

Nilipofika nilimkuta amegeukia ukingo, paji la uso karibu liguse udongo, mikono miwili juu ya fimbo. Hakuweza kugeuka. Angegeuka angemwona mkamwana wake ameanguka chini, nguo zimevurugika, na hiyo ilikuwa aibu isiyosemeka kwa wote wawili. Basi alikuwa anauliza udongo. Aliuliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa inapasuka. Muuza ndizi alikuwa bado amemezwa na mfereji, anagugumia. Subilaga alikuwa amepiga magoti barabarani, mzima, macho wazi, na hakujibu, kwa kuwa aliyeuliza ni baba mkwe wake. Mimi pumzi ilikuwa haijarudi niseme neno.

Aliyemjibu ni mtoto. Alilia kilio cha hasira, kilio cha mtu aliyeamshwa usingizini, kikajaa mteremko wote. Baba aliposikia aliteremsha mabega, akauegemea ukingo ule kama mtu aliyefika nyumbani. Nami nilikaa chini kwenye matope nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Hakuna aliyeumia zaidi ya goti la muuza ndizi na maharage yaliyomwagika. Nyumbani sikujua nianzie wapi. Subilaga alikuwa anamkanda mtoto maji ya uvuguvugu, akasema bila kuniangalia:

"Umejenga njia ya watu wasio na wakwe."

Nikamwuliza kwa nini hawakusema mkutanoni. Akaniuliza wangesemaje, na wakwe zao wote wamekaa kwenye mabenchi ya mbele? Tulikuwa tumewauliza mahali pekee ambapo hawakuruhusiwa kufungua mdomo, halafu nikawaita wabishi. Vijana, kama hamkumbuki lingine katika barua hii, kumbukeni hilo. Kabla ya kuhesabu majibu, tazama nani amekaa wapi.

Kesho yake Subilaga ndiye aliyefanya kazi ya upimaji. Alizungumza na wenzake mashambani na kisimani, akaniletea maneno yao. Hawakutaka uzio uondolewe, uzio waliupenda, kwa sababu nani anapenda kugongwa? Walitaka mahali pa kugeukia, upande wa mlima. Nikamsimamisha nyuma ya nyumba na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, nikachora ukutani kwa mkaa: kimo chake na mzigo, kina cha kumtosha ageuke bila mtoto kugusa udongo. Kipimo hicho sikukipata kwenye kitabu chochote, na hakikukosea hata inchi. Hatua thelathini zilitokana na mwendo wa mwanamke mwenye mzigo kamili: katikati ya nafasi mbili, popote alipo, ataiwahi mojawapo.

Gwakisa alipoona mchoro hakusema si nilikuambia. Alisema niweke mawe sakafuni, maji yasituame, akaenda kuleta mawe.

Asubuhi ya kuchimba nilimkuta mtu ameshanitangulia. Baba alikuwa hapo na jembe lake la shamba, amefika kiunoni kwenye nafasi ya kwanza, palepale mianzi ilipovunjika. Nikachukua sururu nikaanza kuchimba kando yake. Kabla jua halijapanda watu wa rika lake wakaja mmoja mmoja na majembe, wakaanza nyingine. Bwana Maendeleo aliyaona akanywea. Kuponda kokoto hakukutajwa tena, na kwenye ripoti aliandika kwamba tumejenga vituo vya mapumziko ya akina mama. Sikumsahihisha.

Wiki ile nyayo ndogo ziliingia ndani ya njia. Gwakisa alinionyesha kwa fimbo, na ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla hajarudi kwao. Sikumbuki siku nyingine nilipolala vizuri namna ile.

Kulibaki tatizo moja, ukungu. Siku za ukungu mama hakujua ni nani anayekuja mpaka amefika. Hilo alilitatua baba bila kumwuliza mtu. Alikwenda kwa Salumu akataka kengele ya baiskeli. Salumu akamwuliza baiskeli iko wapi aifunge. Baba akainua fimbo yake akasema ndiyo hii. Salumu aliifunga kwa skrubu mbili, kwa heshima zote, na tangu siku hiyo mzee alipanda mteremko akipiga kengele kama karani wa posta. Watu wa rika lake walimcheka siku tatu. Siku ya nne wakaenda kwa Salumu nao, kengele zikamwishia.

Wale vijana wa vizibao walisema nafasi zile zitafukiwa, kwa kuwa siku hizi wakamwana na wakwe wanasalimiana. Ni kweli, na ni vizuri. Fukieni tu, mimi sina kinyongo. Ila kwanza someni nyayo za wanaopita sasa, halafu muwaulize wenyewe kwa nini.

Na niwaambie nilichokiona mara moja, mwezi ule ule njia ilipokamilika. Nilikuwa nimeinama nyuma ya uzio nafunga mianzi. Nikasikia kengele inapanda kutoka chini. Subilaga alikuwa anashuka, akaingia kwenye nafasi ya kwanza, ile aliyoichimba baba, akageukia udongo. Yeye aligeuka, lakini mtoto mgongoni alikuwa anatazama nje. Baba alipofika hapo akasimama. Macho aliyapeleka bondeni.

"Mjukuu wangu," alisema, "mama yako hakuumia siku ile?"

Nilishika kamba nikasahau kuifunga. Tangu tuoane baba hakuwahi kuisikia sauti ya mke wangu.

"Mwambie babu," Subilaga aliuambia udongo, polepole, "hatukuumia. Mwambie tunasikia kengele yake."

Baba akasema, "Ndaga fijo," asante sana, akaendelea kupanda. Mbele yake hapakuwa na mtu yeyote, nilichungulia nikaona, lakini aliipiga kengele ile mpaka juu kabisa ya mteremko.